Akitoka soba, atalala wapi?

Dar es Salaam. Siku ya kumtoa ndugu katika nyumba ya upataji nafuu, maarufu soba, huwa ya furaha. Mama amepika, shangazi ameleta shuka mpya, na kijana aliyeingia akiwa mifupa mitupu anatoka amenawiri.

Wiki chache baadaye, godoro alilotandikiwa sebuleni limeondolewa kwa sababu wamekuja wageni. Simu imepotea, na macho yote yamemgeukia yeye. Usiku huo analala kwenye baraza la duka, hatua chache kutoka maskani yake ya zamani.

Familia nyingi zinaijua hali hii. Zisichokijua ni kwamba inaweza kuua.

Mwili uliokaa miezi bila heroini hauwezi tena kuhimili kiasi ulichokizoea. Mtu akirudi kuvuta au kujidunga kipimo kilekile cha zamani, pumzi inaweza kupungua hadi ikakatika. Ndiyo maana majuma ya kwanza baada ya kutoka soba au gerezani ni ya hatari kubwa kwake.

Dozi asubuhi, baraza usiku

Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kutoa methadoni Februari 2011. Huduma ikafika Mwananyamala na Temeke, kisha mikoa mingine. Kwa kawaida mteja hufika kliniki kila siku na kunywa dawa mbele ya mtoa huduma. Dozi hiyo humkinga na arosto kwa siku nzima, akapata utulivu wa kufikiria kazi na watoto.

Kunywa dozi ni suala la dakika chache. Saa zinazobaki ni nyingi kwa asiye na pa kwenda. Anayelala nje huibiwa, hukamatwa, na wanaomzunguka ni wauzaji na watumiaji walewale. Mgonjwa wa akili naye hana pa kutunza vidonge wala kadi ya kliniki, na kukosa usingizi kwenyewe kunaweza kuuamsha ugonjwa.

Nyumba kwanza

Kwa miaka mingi, huduma katika nchi nyingi zilimtaka mtu apone kwanza ndipo apewe nyumba. Mwaka 1992, mwanasaikolojia Sam Tsemberis aliugeuza utaratibu huo jijini New York, Marekani. Mgonjwa wa akili aliyelala mitaani alipewa makazi bila sharti la kuacha kwanza pombe au dawa za kulevya, kisha wahudumu wakamfuata hukohuko.

Canada iliupima mpango kama huo katika miji mitano kati ya 2009 na 2013, kwa watu zaidi ya 2,000. Katika miezi sita ya mwisho, asilimia 62 ya waliopewa nyumba walikuwa na makazi muda wote. Kwa waliobaki na huduma za kawaida, ilikuwa asilimia 31.

Hata hivyo, kupata nyumba hakukuwafanya waache ulevi kuliko wenzao. Nyumba haiponyi peke yake, bali humpa mgonjwa mahali pa kutulia ili matibabu yaendelee.

Familia ifanye nini?

Hapa nchini mzigo wa makazi huangukia zaidi ndugu. Kikao cha familia kifanyike kabla ya siku ya kumtoa, na swali la kwanza liwe atalala wapi.

Kama nyumbani hapatoshi, au majeraha ya wizi na ugomvi bado mabichi, ndugu wanaweza kuchangia chumba cha kupanga mtaa mwingine, mbali na maskani. Kodi apewe mwenye nyumba moja kwa moja. Achaguliwe mtu mmoja wa kufuatilia tarehe za kliniki, na masharti ya kukaa yasemwe mapema, mbele yake.

Akiteleza, arudishwe kliniki au soba. Kumfukuza usiku uleule ni kumkabidhi maskani. Akikutwa haamki, anakoroma isivyo kawaida au midomo imebadilika rangi, asiachwe alale akidhaniwa amelewa tu. Alazwe ubavu na akimbizwe hospitali.