Kinachoshusha Alama ya Mkopo, na Hatua za Kuirekebisha

Mkazi anapoomba mkopo wa kuongeza bidhaa dukani, kununua mbolea au kulipa karo, mkopeshaji hutaka kujua jambo moja kabla ya mengine: je, madeni ya awali aliyalipa vipi? Jibu hufupishwa kwa nambari inayoitwa alama ya mkopo. Alama ikiwa juu, mkopo hupatikana kwa urahisi. Ikishuka, ombi hukataliwa au mkopaji hupewa kiasi kidogo kwa masharti magumu. Hata kazi inaweza kutatizika, kwa kuwa wanaoajiriwa katika utumishi wa umma mara nyingi huombwa cheti cha CRB pamoja na vyeti vya KRA, HELB, EACC na cha tabia njema kutoka kwa polisi.

CRB ni nini?

Wengi husema mtu "amewekwa CRB" wakimaanisha ameshindwa kulipa deni. Ukweli ni kwamba kila anayekopa benki huwa na rekodi huko, awe mlipaji mzuri au mbaya. CRB ni mashirika yanayohifadhi taarifa za mikopo kwa leseni ya Benki Kuu ya Kenya. Mashirika hayo ni matatu: TransUnion, Metropol na Creditinfo. Kila moja hukokotoa alama kwa njia yake, hivyo mtu mmoja anaweza kuwa na alama tofauti. Kwa Metropol, kwa mfano, alama huwa kati ya 200 na 900, na kubwa ndiyo nzuri.

Mambo yanayoshusha alama

*Kuchelewa kulipa.* Hiki ndicho chanzo kikuu. Kadiri siku zinavyopita baada ya tarehe ya malipo, ndivyo rekodi inavyoharibika. Deni likipitisha siku 90 bila kulipwa huhesabiwa kuwa mkopo uliokwama, na hapo alama hushuka sana.

*Mkopo mdogo uliosahaulika.* Tangu Aprili 2020, kanuni haziruhusu deni lisilofika Sh1,000 kuripotiwa kama deni baya. Juu ya hapo hakuna msamaha. Mkopo wa simu wa Sh1,500 ulioachwa unaweza kumnyima mkulima mkopo wa kununua ng'ombe wa maziwa. Hatari huongezeka mtu anapobadilisha laini ya simu, kwa sababu ilani za mkopeshaji huendelea kutumwa kwa nambari ya zamani.

*Kukopa huku ili kulipa kule.* Maombi mengi ya mikopo kwa muda mfupi huonyesha kwamba mwombaji amebanwa. Mkopeshaji anapokagua rekodi ya mwombaji, ukaguzi huo huandikwa, na wanaofuata huuona. Vivyo hivyo, anayetumia kikomo chote cha mkopo wake kila mwezi huonekana kuwa karibu kulemewa.

*Kumdhamini asiyelipa.* Katika Sacco, mkopaji akishindwa kulipa, akiba za wadhamini hutumiwa kufidia deni. Mdhamini anayetakiwa kulipa akakosa kufanya hivyo anaweza kuripotiwa pia. Kutia sahihi fomu ya mwenzako ni kukubali kubeba deni lake, si kumtolea ushahidi tu kwamba ni mtu mwema.

*Mkopo wa HELB.* Aliyesoma kwa mkopo huu hutarajiwa kuanza kulipa mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo. Asiyelipa hutozwa faini ya Sh5,000 kila mwezi na anaweza kuripotiwa CRB. Ambaye hajapata kazi anafaa kuwasiliana na HELB mapema ili wakubaliane kuhusu malipo. Akinyamaza, faini huendelea kuongezeka.

*Hundi inayorudi.* Mfanyabiashara anayeandika hundi bila pesa za kutosha katika akaunti huharibu rekodi yake, mbali na kwamba kufanya hivyo makusudi ni kosa kisheria.

*Makosa katika taarifa.* Wakati mwingine mkopaji hana hatia: deni alilomaliza halijaondolewa, nambari ya kitambulisho imeandikwa vibaya, au mtu mwingine amekopa kwa jina lake.

Yasiyoshusha alama

Kuomba ripoti yako mwenyewe hakupunguzi alama. Kipato kidogo peke yake pia hakifanyi rekodi kuwa mbaya. Mama mboga anayerejesha Sh2,000 kwa wakati kila mara anaweza kuwa na rekodi safi kuliko mwenye mshahara mnono anayechelewesha malipo.

Kulipa hakufuti historia

Watu wengi hushangaa kulipa deni leo na kukuta bado limeandikwa kesho. Deni likilipwa, mkopeshaji anapaswa kulisasisha lionyeshe kuwa limemalizwa, lakini kumbukumbu ya kwamba lilikwama huhifadhiwa kwa miaka 5 tangu lilipolipwa. Hiyo haimaanishi mtu hawezi kukopa kwa miaka 5. Mkopeshaji huona tofauti kati ya deni lililolipwa na lililotelekezwa, na kila mkopo mpya unaolipwa kwa wakati huinua alama polepole.

Kwa sababu hiyo, jihadharini na wanaodai ada ili "kusafisha CRB" kwa siku moja. Hakuna wakala anayeweza kufuta deni la kweli.

Haki za mkopaji

Mkopeshaji anapaswa kumpa mteja ilani ya siku 30 kabla ya kuwasilisha taarifa mbaya kumhusu. Siku hizo ni nafasi ya kulipa, kuomba muda zaidi au kupinga deni. Benki nyingi hukubali kupanga upya malipo mteja anapojitokeza kabla ya mkopo kukwama, lakini huwa vigumu akishazima simu.

Kila mkazi pia ana haki ya kupata ripoti yake kutoka kwa shirika la CRB bila malipo angalau mara moja kwa mwaka. Akipata kosa, aliandikie shirika hilo na mkopeshaji aliyetoa taarifa, akiambatisha stakabadhi za malipo au barua ya kuthibitisha deni limekwisha. Taarifa ikithibitishwa kuwa si sahihi, ni lazima irekebishwe.

Wakazi wanashauriwa:

- Kuhifadhi ujumbe na stakabadhi za kila malipo.
- Kudai barua ya kumaliza deni kila mkopo unapoisha.
- Kuwajulisha wakopeshaji wote kila wanapobadilisha nambari ya simu.
- Kusoma ripoti yao miezi michache kabla ya kuomba mkopo mkubwa au kazi, ili kosa likipatikana kuwe na muda wa kulirekebisha.