Tumbo la Mtoto Linapovimba Upande wa Kulia

Tuseme mama anamwogesha mtoto wake wa mwaka mmoja na nusu, hapo kambini, na baba yuko lindoni mbali. Mkono wa mama wagusa kitu kigumu chini ya mbavu za kulia. Mtoto haumwi, anacheza na maji. Jirani mmoja asema ni minyoo, wa pili asema ni bandama iliyovimba kwa malaria, na bibi ataka mtoto achanjwe chale.

Majirani hao hawakosei kila mara, kwa kuwa minyoo, malaria na utapiamlo huvimbisha matumbo ya watoto wengi wa nchi zetu. Lakini bandama hukaa kushoto. Kilicho kulia ni ini, na uvimbe mgumu wa ini kwa mtoto mdogo waweza kuwa kansa ambayo madaktari huiita hepatoblastoma. Ni maradhi ya nadra: kwa mwaka huwapata mtoto mmoja au wawili hivi katika kila watoto milioni moja, na wengi wao hawajatimiza miaka mitatu. Mama asingoje macho yawe ya manjano, kwani katika kansa hii dalili hiyo haionekani mara nyingi. Wala tumbo hilo lisikandwe, maana uvimbe waweza kupasuka na kuvuja damu ndani.

Hospitali ya rufaa itapiga picha ya tumbo kwa mawimbi ya sauti na kupima katika damu kitu kiitwacho alfafetoprotini. Kwa watoto wapatao tisa katika kila kumi wenye hepatoblastoma, kitu hicho hupanda mno. Dawa zikifanya kazi, hushuka. Ndiyo sababu vipimo hurudiwa hata baada ya mtoto kupona, na baba anayehamishwa kituo yampasa achukue karatasi zote za hospitali pamoja na mizigo yake.

Zamani, kabla ya dawa ya sisplatini, waliopona walikuwa wachache. Siku hizi dawa hutangulia ili kuufinya uvimbe, kisha mpasuaji huondoa sehemu ya ini yenye ugonjwa. Ini lina ajabu yake: hata zikikatwa sehemu tatu katika nne, lililobaki hukua tena. Mwaka 2009 madaktari wa Ulaya walitangaza matokeo ya watoto ambao uvimbe wao haukuwa umeenea: waliopewa sisplatini peke yake, 95 katika kila 100 walikuwa hai baada ya miaka mitatu. Uvimbe usiokatika huhitaji ini jipya. Thomas Starzl alijaribu kazi hiyo huko Denver, Marekani, mwaka 1967, kwa mtoto wa kike ambaye hajafikisha miaka miwili. Aliishi zaidi ya mwaka mmoja, kisha kansa ikarudi na kumwua. Mwaka huo huo ndipo Taasisi ya Saratani ya Uganda ilipoanzishwa pale Mulago, nayo ilianza na watoto wenye kansa ya taya.

Kwa watoto wakubwa habari si njema hivyo. Wao hupatwa na kansa ya ini kama ile ya watu wazima, na katika jaribio la Ulaya la miaka ya 1990 hawakufika hata thuluthi moja waliokuwa hai baada ya miaka mitano. Lakini hii ndiyo kansa inayozuilika. Mara nyingi huletwa na virusi vya homa ya ini ya aina ya B. Taiwan ilianza kuwachanja watoto wachanga mwaka 1984, na kabla ya miaka kumi na mitano kupita kansa hiyo ilikuwa imepungua karibu nusu kwa watoto wa miaka 6 hadi 14. Hapa Uganda chanjo hiyo iliingia mwaka 2002, ndani ya sindano ya mchanganyiko ya majuma 6, 10 na 14. Basi kadi ya mtoto isiachwe kituo cha zamani. Na mahindi au karanga zilizoota ukungu zitupwe, hata kama ni za posho. Sumu ya ukungu huo huliharibu ini.

Jambo moja lanigusa kwa kuwa nilisomea ualimu. Sisplatini hudhuru masikio. Katika jaribio lililotangazwa mwaka 2018, watoto 63 katika kila 100 waliopewa dawa hiyo peke yake walipungukiwa na usikivu. Waliopewa pia thaiosulfati ya sodiamu, saa sita baada ya kila dozi, walikuwa 33. Kwa hiyo mtoto aliyepona apimwe masikio kabla ya kuanza shule, na mwalimu aambiwe, amketishe mbele. Nimewahi kumwona mtoto akichapwa kwa ukaidi, kumbe hakusikia alichoulizwa.