Kabla ya Kuchomeka Plagi, Tuhesabu

Ilikuwa Ramadhani, zikiwa zimebaki dakika chache kufika Magharibi. Upande wa akina mama msikitini kwetu, birika la umeme lilikuwa likichemsha maji ya chai, na jiko la sahani likiupasha uji moto. Vyote viwili vilichomekwa katika ekstensheni moja. Bi mkubwa mmoja aliyekuwa akipanga vikombe akaniita: "Mwanangu Katibu, waya huu unabeba kiasi gani?" Nikamjibu kwamba ni mpya, asiwe na wasiwasi.

Kabla ya adhana tukasikia harufu ya plastiki inayoungua. Tulipozima swichi kuu tulikuta plagi imeyeyuka, na mkeka uliokuwa chini yake umeungua doa la ukubwa wa kiganja. Alhamdulillahi, hakuna aliyeumia. Lakini risiti ya ekstensheni ile ina sahihi yangu, na swali la bi mkubwa nilikuwa sijalijibu.

Jibu lake lilikuwa limeandikwa chini ya ekstensheni yenyewe: ampea 10. Mimi sikuigeuza nikasoma. Makala haya, ndugu msomaji, ni jibu nililochelewa kumpa mama yangu yule, na huenda likaifaa nyumba yako pia.

Umeme wa nyumbani una vipimo vinne vya kujua. Volti ni msukumo. Katika nyumba zetu za Tanzania ni takriban 230. Ampea ni wingi wa mkondo unaopita katika waya. Omu ni ukinzani, yaani kiasi ambacho kifaa huuzuia mkondo huo. Wati ni nguvu, yaani kasi ambayo kifaa hutumia nishati. Fikiria tangi la maji lililo juu ya paa: kimo chake ndicho volti, maji yanayotiririka ndiyo ampea, na wembamba wa bomba ndio ukinzani.

Mwalimu wa Kijerumani, Georg Simon Ohm, alichapisha mwaka 1827 kanuni inayofungamanisha vipimo vitatu vya mwanzo. Kwayo na kanuni ya nguvu, tunapata hesabu mbili ambazo mtoto wa darasa la sita anaziweza:

Ukinzani = volti ÷ ampea.
Nguvu = volti × ampea.

Sasa turudi msikitini. Kibandiko cha birika kilisomeka wati 2,300. Gawa kwa volti 230, unapata ampea 10. Ukinzani wake, basi, ni 230 ÷ 10, yaani omu 23. Jiko la sahani lilikuwa la wati 1,150. Hilo huvuta ampea 5, na ukinzani wake ni omu 46. Birika peke yake lilikuwa limekwisha kuifikisha ekstensheni mwisho wa uwezo wake. Tulipoongeza jiko, zikawa ampea 15 na wati 3,450.

Tazama na ukinzani wa vyote viwili kwa pamoja: 230 ÷ 15 ni takriban omu 15.3, pungufu kuliko wa kila kimoja. Kila plagi unayoongeza humfungulia umeme mlango mwingine, na mkondo wote huo hupita katika waya ule ule mmoja.

Hatari yenyewe imo katika joto. Joto linalozalishwa katika waya hufuata ampea zikizidishwa kwa ampea, kisha kwa ukinzani wa waya. Mkondo ukitoka ampea 10 kufika 15, joto haliongezeki kwa nusu. Huwa mara 2.25. Na plagi ikilegea ni balaa zaidi. Penye mguso mbovu wenye ukinzani wa nusu omu tu, ampea 10 huzalisha wati 50 za joto, mahali pasipozidi ncha ya kidole.

Je, fyuzi haikutukinga? Plagi ile ilikuwa na fyuzi ya ampea 13, ilhali waya ulikuwa wa ampea 10. Tena fyuzi huweza kustahimili mkondo uliozidi kidogo kiwango chake kwa muda mrefu. Fyuzi haina budi kulingana na waya inaoulinda, na ikikatika isibadilishwe kwa kipande cha waya.

Hesabu hizi zinatosha kwa vifaa vya kutoa joto: birika, pasi, jiko. Vifaa vyenye mota, kama friji na feni, vina mambo ya ziada, hasa wakati wa kuwaka, kwa hiyo viachiwe nafasi. Na kazi ya nyaya za ukutani ni ya fundi mwenye leseni, si ya kubahatisha.

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuuzima moto majumbani kabla ya kulala. Moto wa zama zetu mara nyingi umejificha ndani ya plagi. Leo jioni, mkae na watoto, msome vibandiko vya vifaa vyenu, mgawanye wati kwa 230, mjumlishe ampea, kisha mgeuze ekstensheni mwone inabeba ngapi.

Msikitini kwetu birika na jiko sasa vina soketi zao za ukutani, baada ya fundi kuzikagua. Juu yake imebandikwa karatasi yenye hesabu ya kila kifaa. Kalamu anaitunza bi mkubwa yule, na hakuna kinachochomekwa kabla hajauliza swali lake.