Je, Wajua? Chama cha Kwaya Kilichokwaruzana na Fidla

Mwanakwaya wa parokiani anajua kwamba Novemba 22 ni sikukuu ya somo wake, Mtakatifu Sesilia. Je, wajua kuwa jina hilo lilichukuliwa na chama kikubwa cha kwaya kilichotaka kuzidhibiti ala kanisani? Kilianzishwa mwaka 1868 mjini Bamberg, Ujerumani, na padri Franz Xaver Witt, na mwaka 1870 Papa Pio wa Tisa akakipa kibali.

Machoni pa Witt, Misa ilikuwa imegeuka opera: fidla, matarumbeta, na waimbaji wa pekee wakitamba huku padri akisubiri altareni. Hata Misa za watunzi Haydn na Mozart hazikumridhisha. Alichotaka ni nyimbo za Kigregori, na sauti nne zikiimba kwa mtindo wa Palestrina, mtunzi aliyefariki mwaka 1594. Chama kikawa na orodha yake ya nyimbo zilizopimwa na kupitishwa, na wimbo usiokuwemo ulitiliwa shaka.

Ajabu ni kwamba wachoraji humpa Sesilia kinanda mkononi. Masimulizi ya kale yanasema ala zilipigwa siku ya harusi yake, naye akamwimbia Mungu moyoni. Kumbe hakupiga chochote!

Je, wajua kuwa masharti ya chama cha Witt yalizaa wimbo bora? Mwaka 1879 mtunzi Anton Bruckner alimtungia mwalimu wa kwaya wa monasteri ya St. Florian, Austria, wimbo uitwao Os justi. Mwalimu huyo alikuwa mfuasi wa chama hicho, Msesilia wa kindakindaki. Bruckner akautunga bila alama hata moja ya kupandisha wala kushusha nusu sauti. Kwenye piano unatosha kuchezwa kwa vitufe vyeupe pekee. Kwaya zinauimba hadi leo, wakati nyimbo nyingi za orodha ile, kusema kweli, zimelala makabatini.

Chama kilivuka bahari: Marekani kikapata tawi mwaka 1873. Mwaka uliofuata shule ya muziki wa Kanisa ikafunguliwa Regensburg, Ujerumani.

Novemba 22, 1903, siku ileile ya Sesilia, Papa Pio wa Kumi alitoa waraka uliokubaliana na mengi ya Wasesilia, tena ukaenda mbali zaidi. Piano ilipigwa marufuku kanisani, pamoja na ngoma na matoazi. Wanawake nao hawakuruhusiwa katika kwaya. Sauti ya kwanza na ya pili ziimbwe na wavulana. Hebu ipigie hesabu kwaya ya parokia yako Jumapili ijayo: ondoa akina mama, ondoa ngoma, uone anabaki nani.

Mwaka 1955 Papa Pio wa Kumi na Mbili alilegeza kamba. Pasipokuwa na wavulana wa kutosha, wanawake waliweza kuimba, ila wakae mbali na wanaume.

Ngoma haikusubiri ruhusa kwa muda mrefu. Mwaka 1958 kwaya ya Kamina, Kongo, iliyoundwa na padri Mbelgiji Guido Haazen, ilirekodi Missa Luba, Misa ya Kilatini yenye mdundo wa kwao. Mwaka 1963 padri Mtanzania Stephen Mbunga alichapisha kitabu kizima kuhusu sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu. Desemba 4 mwaka huohuo, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukaagiza muziki wa jadi wa nchi za misioni upewe heshima yake.