Kahawa ya baba, mikono ya mama

Kwetu huku Kivu hata mutoto anajua: kahawa ni ya baba, maharagi na mihogo ni ya mama. Maneno hayo yalitoka kwenye udongo wenyewe. Katika Bushi, aliyepata kalinzi kwa mwami kwa kutoa ng'ombe ndiye aliyekuwa na haki ya kupanda muti wa kudumu. Mwenye bwasa alikodi kwa musimu tu, na kahawa alikatazwa, juu muti wa kahawa unasema "hapa ni pangu". Kalinzi yenyewe ilikuwa mambo ya wanaume. Basi kuwa na kahawa kukawa alama ya kuwa mwanaume, na franga zake vilevile.

Lakini tembea mashambani kuanzia mwezi wa tatu mpaka wa sita. Nani anachuma? Nani anabeba kitunga mpaka kwenye kituo cha kuoshea? Kufika kwenye mizani, jina kwenye karti ni la baba.

Mimi ni agronomu, sikuja kuhubiri, naongea juu ya kahawa. Mama asiyeona franga za kahawa atafanya nini siku chumvi na sabuni vimekwisha, na mutoto amefukuzwa ku masomo juu ya minervali? Atachuma serizi za kijani kwa siri, auzishe kwa mununuzi mudogo wa njiani, kwa bei ya kutupa. Matawi yanavunjika. Baba anaona mavuno yamepunguka, anasema ni udongo umechoka! Na kama zile za kijani zinachanganyika na nyekundu, zinaharibisha ladha ya kiloba chote, na munnunuzi wa ng'ambo anaonja mbele ya kulipa. Tena mafunzo ya kuchuma na kuchagua serizi wanakuja wababa, maana ni wao wako kwenye lista.

Kuko wababa wameanza njia nyingine. Mbele ya mavuno wanakaa na bibi, wanapanga pamoja: minervali, mafuta, mbuzi. Siku ya malipo wanakuja wote wawili. Vijana wengine wanachota maji wenyewe ili bibi afike shambani mapema, kwa sababu serizi inapaswa kumenywa siku ileile. Majirani wanacheka: "Bibi amemulisha dawa!" Cheko hilo si jambo dogo. Utaona mwanaume mwenye nguvu anaweka bidoni chini, anajifanya anapumzika, mpaka wenzake wa kasiksi wapite.

Sheria imetutangulia. Ile ya Jamaa ya 1987 ilimulazimisha mwanamuke aliyeolewa kuomba ruhusa ya bwana yake kwa kila tendo la kisheria. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 iliondoa ruhusa hiyo. (Bwana anabaki kichwa cha nyumba, wazee wananiuliza hilo kila mara, watulie.) Kwa hiyo mama anaweza kuwa mwanamemba kwa jina lake. Na katika ushirika mutu mumoja ni sauti moja, awe na miti 100 ao 2 000.

Komite ziangalie karti mbele ya mavuno kuanza. Kuko wanaotaka majina mawili kwenye karti moja, kuko wanaotaka karti mbili kwa nyumba. Mukutano mukuu ndio unakata. Kwangu mimi karti mbili ni bora: majina mawili kwenye karti moja yanabaki sauti moja, na sote tunajua ni nani atainua mukono.