Kutoka Stoo ya Hoteli Hadi Stoo ya Umma



Machafuko ya Likoni mwaka 1997, kisha korona mwaka 2020, yaliwakosesha wengi wetu kazi za hoteli. Lakini aliyeshika stoo hotelini ana ujuzi: kuagiza, kupokea, kuhesabu na kuandika. Hospitali na shule za serikali zauhitaji ujuzi huo huo.

Tofauti ni kwamba pesa ni za wananchi. Hotelini, meneja humpigia simu muuzaji amjuaye. Serikalini, isipokuwa kwa vitu vya thamani ndogo sana, kwa kawaida bei huulizwa kwa wauzaji wasiopungua watatu, tena kwa maandishi. Sheria ya Ununuzi ya 2015 pia yatenga asilimia 30 ya manunuzi kwa vijana, akina mama na wenye ulemavu.

Basi mwenzenu huyo asikae bure. Awatunzie vitabu, muombe zabuni. Kilichopokewa bila kuandikwa hakina shahidi.