Mama Alelea Wengine, Wake Yuko Mbali

Akina mama wengi tunaishi na msichana wa kazi chini ya paa moja. Anapika, anafua, anawalea watoto wetu. Je, tumewahi kujiuliza nani anamlelea wake?

Swali hili limeulizwa vizuri na filamu za Brazili. Kaskazini Mashariki mwa nchi hiyo kuna eneo kubwa lenye ukame, na kwa miaka mingi watu wake wamehamia São Paulo na Rio de Janeiro kutafuta riziki. Huko matamshi yao huwatambulisha mara moja, na mara nyingi hudharauliwa.

Mwaka 1963 Nelson Pereira dos Santos alitoa Vidas Secas, filamu ya familia inayohama kwa miguu kwa sababu ya ukame. Mama wa familia hiyo ana ndoto moja: kulala kwenye kitanda cha ngozi. Hata hicho hakipati.

Mwaka 2015 mama mmoja, Anna Muylaert, alitoa Que Horas Ela Volta?, maana yake "Atarudi saa ngapi?" Val ametoka Pernambuco, anafanya kazi kwa tajiri wa São Paulo. Mtoto wa tajiri amemlea kama wake, lakini binti yake wa kuzaa, Jéssica, hajamwona kwa miaka mingi. Jéssica anapokuja kufanya mtihani wa kuingia chuo kikuu, hakubali kuwa mtu duni. Anauliza kwa nini mama yake analala katika chumba kidogo cha nyuma. Siku anapoingia katika bwawa la kuogelea, mama mwenye nyumba anaamuru maji yatolewe, akisingizia kwamba ameona panya!

Mwaka 2013 Brazili ilikuwa imebadilisha katiba yake ili watumishi wa nyumbani wafanye kazi saa 8 kwa siku, zisizozidi 44 kwa wiki, na walipwe za ziada. Sheria ni njema, lakini haiwezi kuingia ndani ya moyo.

Mtume Yakobo aliwakemea Wakristo waliompa tajiri kiti kizuri na kumwacha maskini asimame. Dada, tuanzie jikoni kwetu. Je, msichana wako analipwa kwa wakati? Anapata siku ya kwenda kanisani? Na kama ni mzazi, lini atakwenda kumwona mtoto wake?